Kurudia Mtihani Kabla ya Kuomba Kusomea Sheria: Jiulize Kwanza

(Mada iliyotolewa kwa vijana waliomaliza kidato cha nne pamoja na wazazi wao, baada ya swala ya alasiri katika mwezi wa Ramadhan)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Nimeombwa na ndugu zetu wa chama nizungumze machache juu ya jambo ambalo kila Januari, matokeo ya KCSE yakitoka, huingia katika nyumba nyingi na kukaa sebuleni kama mgeni asiyeaga. Jambo lenyewe ni hili: kijana ana nia ya kusomea sheria, matokeo yametoka, na alama aliyoipata haifiki. Je, arudie mtihani, au ashike njia nyingine?

Nawe ndugu msomaji unayeisoma mada hii kwenye jarida, labda baada ya futari, nakuomba usome mpaka mwisho. Sikuja kukuambia rudia, wala sikuja kukuambia usirudie. Nimekuja na maswali ambayo mimi mwenyewe niliulizwa, na wallahi natamani ningeulizwa mapema zaidi.

Kwanza nijitambulishe, tena kwa aibu kidogo. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili. Nimezaliwa Mombasa, nimelelewa Mombasa, madrasa nimesoma Mombasa. Kiswahili ndiyo lugha niliyoanza kusemea. Na mtihani ulionifungia mlango wa sheria mara ya kwanza ni mtihani wa Kiswahili. Naam, mnacheka. Mimi pia nimecheka, lakini si siku ile.

Tuanze na sheria yenyewe inasema nini, manake wengi wetu huamua kwa kusikia barazani. Kwa kanuni za Council of Legal Education za mwaka 2016, anayeingia shahada ya sheria kwa cheti cha KCSE anatakiwa awe na jumla ya C+, na juu yake awe na B katika Kiingereza au Kiswahili. Hazitakiwi zote mbili, moja yatosha. Lakini iwe B yenyewe, si B-.

Mimi nilifanya KCSE mwishoni mwa mwaka 2022, na matokeo yakatangazwa tarehe 20 Januari 2023. Jumla nilipata B-. Kiingereza B-. Kiswahili B-. Kwa jumla nilikuwa nimepita na kuzidi. Kwa lugha nilipungukiwa na pointi moja, manake B- ni pointi 8 na B ni pointi 9. Pointi moja, ndugu zangu! Ningeweza kwenda chuo kikuu nikasomea ualimu, biashara, na mengine mengi. Sheria, la.

Kwa nini sheria? Nyumba ya bibi yangu, kama nyumba nyingi za mitaa yetu, imejengwa juu ya ardhi isiyo yake. Nyumba ni yake, ardhi ni ya mtu mwingine, na kodi ya ardhi hulipwa. Nilipokuwa darasa la nane ililetwa barua ya Kiingereza. Bibi akanipa mimi nisome, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nyumbani. Nikaisoma yote, neno kwa neno, kwa sauti. Kisha bibi akauliza, "Sasa yasemaje?" Sikuwa na jibu. Maneno niliyajua, maana yake siyajui. Baadaye alipatikana mtu wa kuieleza, mambo yakatulia. Lakini uso wa bibi akinitazama mimi msomi wa nyumba sikuusahau. Hiyo ndiyo sababu yangu. Nimeitaja manake mbele tutaihitaji.

Basi matokeo yakatoka, na kila mtu akawa na lake. Ami yangu akasema, "Shika ualimu, nafasi ya hakika usiiache kwa nafasi ya kubahatisha." Jirani akamwambia mamangu, "Mwali akae nyumbani mwaka mzima akifanya nini?" Haikupita wiki mbili, ikaja posa. Mtu mwenyewe hakuwa na aibu yoyote, ni mtu wa watu, lakini mimi nilijua imeletwa na ule mwaka mtupu ulioonekana mbele yangu. Mamangu, Mungu amhifadhi, alijibu kwa heshima kwamba mtoto ana jambo analolishughulikia, waje baadaye. Jambo lenyewe hata yeye alikuwa hajalijua.

Babangu ni fundi cherehani. Yeye alisema maneno machache: "Mara ya kwanza serikali ilikulipia mtihani. Mara ya pili nalipa mimi. Niambie nalipia nini."

Nikafikiri anazungumzia pesa. Kumbe swali lilikuwa kubwa zaidi.

Nikaswali istikhara. Nikaswali leo, nikaswali kesho, nikawa nalala mapema nikingoja ndoto. Wengi wetu ndivyo tunavyodhani, kwamba utaota mlango wa kijani ukifunguka, basi jibu limekuja. Siku ya tano nikaenda kwa ustadhi wangu wa madrasa nikamwambia, "Ustadhi, sijaona kitu." Akaniuliza, "Umeshafanya nini wewe?" Akanieleza kwamba ndoto si sharti la istikhara. Istikhara huenda sambamba na istishara, yaani kuomba ushauri kwa wajuzi, na huswaliwa na mtu anayelichunguza jambo lake kisha akaazimia, halafu humwachia Mwenyezi Mungu alirahisishe au aliepushe. Haiswaliwi badala ya kufikiri. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo kiini cha mada hii: "Hizo alama ulizipoteza wapi?"

Sikujua. Jamani, nilikuwa tayari kumtia babangu katika gharama, kukaa nyumbani mwaka, kurudisha watu wa posa, na sijui alama nilizipoteza wapi! Nilichokuwa nacho ni uchungu tu, na uchungu nilikuwa nimeuita azma.

Basi nikafanya hivi, na wewe waweza kufanya. Karatasi ya majibu ya KCSE huletewi nyumbani ukaiona. Lakini mitihani ya miaka ya nyuma ipo. Nikachukua mtihani mzima wa Kiswahili, karatasi zote tatu. Ya kwanza ni insha, alama 40. Ya pili ni lugha, alama 80. Ya tatu ni fasihi, alama 80. Nikazifanya kwa siku tatu, asubuhi, saa mezani, simu kwa mamangu, hakuna kuinuka. Nikampelekea mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwetu azisahihishe, nikamwomba asinihurumie.

Hakunihurumia. Insha ilikuwa nzuri. Fasihi ilikuwa nzuri. Karatasi ya lugha nikapata 41 kwa 80.

Nikashangaa. Lugha? Mimi? Karatasi ile ina ufahamu alama 15, muhtasari alama 15, matumizi ya lugha alama 40, na isimu jamii alama 10. Ufahamu nilipita. Palipoulizwa ngeli, nyakanushi za vitenzi, uchanganuzi wa sentensi, sauti zinatamkiwa wapi, hapo ndipo nilipokuwa nikibahatisha kwa masikio. Na masikio yangu ni ya Kimvita. Nyumbani kwetu njia ni "ndia", kichwa ni "kitwa", macho ni "mato". Ni Kiswahili safi cha wazee wetu na sikionei haya hata kidogo, lakini mtihani unauliza Kiswahili sanifu, na unataka kanuni yake. Mwalimu akaniambia, "Binti, wewe wajua kusema Kiswahili. Kukieleza hujui."

Nilirudi nyumbani nikikumbuka madrasa. Kule Kiarabu tulikisoma kwa kanuni. Hili ni tendo, huyu ndiye mtenda, huyu ndiye mtendwa, irabu ya mwisho inabadilika kwa sababu fulani. Tulichapwa kwa mambo hayo! Hatukuthubutu kubahatisha, manake tulijua Kiarabu si chetu. Kiswahili tukakidharau kwa sababu ni chetu. Shuleni, kipindi cha Kiswahili mimi nilikuwa nikifanya hesabu chini ya dawati. Wenzangu waliotoka bara, waliojifunza Kiswahili darasani, walikuwa wakiandika kila kitu. Wao wakapata A.

Hapo sasa nilikuwa na jibu la babangu. Nikamwambia, "Baba, walipia karatasi moja. Nyingine nitazilinda zisianguke, lakini ile moja ndiyo naifuata." Akauliza, "Na ukikosa?" Nikasema, "Nikikosa naomba ualimu kwa cheti nilicho nacho, na sitarudia tena." Akasema, "Andika." Nikaandika kwenye kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, akakitia kwenye droo ya cherehani. Kipo mpaka leo.

Nilijisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, masomo yote, nipate cheti kizima. Na hapa nikujuze ugumu wenyewe, usidhani ni kukaa tu ukarudia ulichokijua. Mwaka ule wa 2023 vitabu vya fasihi vilibadilika. Mimi nilikuwa nimesoma Kigogo na Chozi la Heri, sasa ikawa Bembea ya Maisha na Nguu za Jadi. Yaani hata mahali nilipokuwa na nguvu ilibidi nianze upya. Sayansi nazo zina mtihani wa maabara, na nyumbani hakuna maabara. Ilibidi niulizie kituo chenye maabara na siku za kufanya mazoezi kabla sijalipa senti.

Ramadhan ya mwaka ule nilikuwa nikisoma baada ya daku na alfajiri mpaka jua litoke. Jioni nafundisha watoto wa madrasa ili nisaidie gharama. Kila Jumamosi mtihani mmoja wa lugha kwa saa, na mwalimu mstaafu na kalamu yake nyekundu. Kutoka 41 nikaenda 47, nikarudi 44, nikalia, nikaenda 52. Kufikia Septemba nilikuwa sishuki chini ya 58.

Matokeo yalitangazwa tarehe 8 Januari 2024. Kiswahili, B. Si A, si B+. B. Kiingereza kilekile, B-. Jumla ileile, B-. Mwaka mzima umenunua pointi moja. Alhamdulillah, ndiyo niliyokuwa nikiitafuta.

Lakini nisikufiche. Kutimiza kiwango cha chini si kupewa nafasi. Kupitia KUCCPS sheria sikupata, manake ushindani wake ni mkubwa na walio na alama za juu ni wengi. Niliingia kwa kujilipia, kwa jasho la babangu, mchango wa ami yangu mwingine aliye Oman, na vijisenti ninavyopata kwa kufundisha watoto, sasa nafundisha Kiswahili! Kwa hivyo unapohesabu gharama ya kurudia, usihesabu karo ya mtihani peke yake. Hesabu na kinachofuata.

Sasa nikupe na upande wa pili. Binamu yangu naye alirudia mwaka uleule. Yeye alirudia kwa sababu mamake alikuwa ameshatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe ni daktari mtarajiwa. Alisoma, sisemi hakusoma. Lakini alisoma vilevile alivyosoma mwanzo, daftari zilezile, usiku wa manane uleule, na mtihani mmoja wa zamani hakuufanya kwa saa. Akapata C ileile. Leo anasomea umeme chuo cha ufundi na mikono yake ni ya ajabu, waya zote za kwetu amezibadilisha yeye. Aliniambia siku moja, "Ule mwaka sikurudia mtihani, nilirudia hofu." Nimeyabeba maneno yake kwa ruhusa yake.

Na rafiki yangu mmoja alikuwa na alama kama zangu kabisa, B- tatu zile. Yeye hakurudia. Kwao baba amefariki, yeye ndiye mkubwa, mwaka mmoja bila kusogea ungewaumiza wadogo zake. Alichukua ualimu, na nia yake ni kusomea sheria baadaye akiwa na shahada mkononi, manake kanuni zilezile za 2016 zinamtambua pia anayekuja na shahada nyingine. Ni njia ndefu, lakini kwake yeye ndiyo njia sawa. Mimi na yeye tulikuwa na alama moja, na tukaamua mambo mawili tofauti, na hakuna aliyekosea.

Hapa nisimame kidogo kwa nasaha. Ukichukua njia ya kuzunguka, uliza mapema mlango wa mwisho unataka nini. Kuwa wakili katika Kenya si shahada tu. Ukimaliza shahada ya sheria, ambayo kwa kawaida ni miaka minne, unaingia Kenya School of Law, unafanya masomo tisa, na unakaa miezi sita ukijifunza kazi chini ya wakili. Na Sheria ya Kenya School of Law ya mwaka 2012 inazungumzia tena gredi za KCSE. Wapo waliomaliza shahada yao vizuri, wakafika pale wakaulizwa Kiingereza au Kiswahili walipata nini kidato cha nne. Kesi za jambo hilo zimefika hadi Mahakama ya Rufaa. Kwa hivyo usitegemee maneno ya wakala wa chuo anayetaka karo yako. Nenda Council of Legal Education, nenda Kenya School of Law, uliza njia yako wewe, upewe jibu kwa maandishi, kabla hujaanza. Shahada ya miaka minne si kitu cha kubahatisha.

Basi, vijana wenzangu, nimeyakusanya niliyoulizwa na niliyojifunza katika maswali manne. Yajibu kwa kalamu, si kwa kichwa, manake kichwa hujipendelea.

Swali la kwanza: Wataka sheria, au wataka kuitwa wakili? Tafuta sababu yako, ile ambayo ingebaki hata kama hakuna mtu atakayekuona umevaa joho. Kama sababu ni kwamba fulani anasomea sheria, au wazazi wameshasema, basi usirudie kwa ajili hiyo. Mwaka wa kurudia ni mrefu, na sababu ya kuazima haifiki mwezi wa nne.

Swali la pili: Wajua ulipoteza wapi? Usiseme "Kiswahili." Sema karatasi gani, sehemu gani, alama ngapi. Usiseme "sikuwa na bahati." Yawezekana kweli siku ile uliugua, au ulifiwa, au palitokea jambo nyumbani. Hiyo ni sababu ya haki, na mtu wa namna hiyo akirudia ana tumaini. Lakini kama ulikuwa mzima, na ulifanya ulichoweza, na bado hujui alama zilikwenda wapi, basi fanya kwanza mtihani wa zamani kwa saa, apatikane mtu wa kusahihisha. Wiki moja ya kazi hiyo itakuambia mengi kuliko mwezi wa kuulizana maskani.

Swali la tatu: Safari hii ni kitu gani kitakachobadilika? Mwalimu? Wakati? Mahali pa kusomea? Namna ya kusoma? Kama huna hata kimoja cha kutaja, mtihani utakuwa mwingine lakini wewe ni yuleyule. Na kumbuka jumla. Unayefuata somo moja waweza kuliangusha jingine. Nafuu kidogo ni kwamba tangu KCSE ya 2023 jumla huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Lakini Hisabati haikwepeki, basi usiisahau kwa kukimbilia lugha.

Swali la nne: Ukikosa, je? Swali hili watu hulikimbia, wanaona ni kujitakia mabaya. Si hivyo. Cheti chako cha kwanza hakifutwi kwa kurudia. Basi amua mapema kitakupeleka wapi, uandike, umpe mtu akuwekee. Mimi nilipojua mlango wangu wa pili ni upi, ndipo nilipoweza kulala. Na uweke mpaka. Mpaka wangu ulikuwa mara moja. Nimewaona wanaorudia mara ya pili na ya tatu, kila mara wakisema safari hii nitajitahidi, na miaka inakwenda.

Ukiyajibu manne haya na majibu yakasema rudia, rudia, tawakali, na usimsikilize wa barazani. Yakisema usirudie, usirudie, na usione haya. Kutorudia si woga, na kurudia si kufeli. Hata kule Kenya School of Law wapo wengi wanaorudia baadhi ya masomo yale tisa, na leo tunawaita mawakili, hakuna anayewauliza ilikuwa mara ya ngapi.

Jambo moja zaidi kwa wale mnaosema, "Nitarudia, lakini si mwaka huu." Mfumo wa 8-4-4 unamalizika. Darasa la mwisho, lile lililoingia kidato cha kwanza mwaka 2024, linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Kwa hivyo huu si wakati wa kuahirisha ahirisha. Usajili wa KNEC huwa mapema mwaka, nao haungoji mtu. Amua, ama ndiyo ama hapana.

Na kwa wazazi wetu, kwa unyenyekevu, manake mimi ni mtoto wenu. Mtoto akileta alama isiyofika, kila mtu mtaani ataleta ushauri wake. Babangu hakuniambia rudia wala usirudie. Aliniuliza, "Nalipia nini?" akanyamaza, akanipa siku za kutafuta jibu. Kama angenilaumu, ningerudia kwa hasira. Kama angenibembeleza, ningekaa kwa uvivu. Basi tunaomba, mtuulize swali hilo kisha mtusubiri. Na wasichana wenu mtupe mwaka wetu kama mnavyowapa kaka zetu mwaka wao. Posa ya kheri haiharibiki kwa kungoja.

Nimalizie na bibi yangu. Mwaka jana ililetwa barua nyingine kuhusu ile ardhi, Kiingereza kama ile ya kwanza. Nikaisoma, nikamweleza kwa Kimvita, kifungu kwa kifungu, nini wanataka, lini, na nini hawana haki ya kukitaka. Pale nisipojua nikamwambia sijui, nikamuuliza mhadhiri wangu, nikarudi nikamweleza. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na haya ndiyo uliyokaa nyumbani mwaka mzima ukiyasoma?" Nikasema, "La bibi, mwaka ule nilikuwa nasoma Kiswahili." Akanitazama, akacheka mpaka akashika ubavu. "Kiswahili! Si ungeniuliza mimi?"

Ndugu zangu, muda wenu nimeuchukua na adhana ya magharibi haiko mbali. Nilichokosea ni changu, na nilichopatia ni tawfiki ya Mwenyezi Mungu. Tuombeane kheri katika mwezi huu mtukufu, tuwaombee na wanaongojea kuamua.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.